Siku Nilipomlazimisha Wankuru Kuhesabu

Robi mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa saa saba mchana ukiwa umeshiba, kichwa hakijasukwa, ukisema hutaki kufika kituo chako cha kazi ukaonekana kama umetoka kupalilia. Ukienda kusuka Tarime mjini hurudi mpaka jua lizame, kwa hiyo nina mchana mzima. Nimejifungia chumbani kama mwanafunzi anayeibia mtihani.

Mambo ya ndoo, chandarua, jiko la mkaa na namna ya kuishi na mwenye nyumba ameshakuambia baba yako wiki nzima, hadi jana ukamjibu, "Baba, mimi naenda Ringwani, siendi vitani." Sitayarudia. Mimi nina jambo moja tu. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo tangu majina ya ajira yatoke, na kila nikifungua mdomo naishia kukuuliza kama umekunja shuka. Usoni mwako siwezi. Kwenye karatasi labda nitaweza.

Siku hizi unanisifu sana kwa watu. Juzi kanisani nilikusikia ukimwambia mke wa mchungaji kwamba mama yako ndiye aliyeleta mbinu mpya za kufundisha shuleni kwetu, na kwamba wewe unataka kufundisha kama yeye. Nilitabasamu tu. Kwenye begi lako nimeona umeweka vizibo vya soda, kadi za herufi, vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa mpira. Ni vitu vizuri. Vipeleke. Lakini kabla hujafundisha kama mimi, ujue nilifundisha vipi.

Unamkumbuka Wankuru? Yule dada aliyekuwa akikubeba mgongoni wakati wa mapumziko, enzi nilipokuwa nakwenda nawe shuleni kwa sababu hapakuwa na mtu wa kukuachia. Ulimpenda mpaka ukawa unalia ukirudi nyumbani. Alipoacha kuja uliniuliza kaenda wapi, nikakuambia wamehama. Ukaniuliza tena ukiwa darasa la tano, na tena ukiwa chuo, nami nikarudia vilevile, wamehama. Hawakuhama, Robi. Nyumba yao ilikuwa palepale nyuma ya josho, na mimi nilikuwa nazunguka njia ya mbali nisipite mlangoni kwao.

Mwaka ule nilichaguliwa kwenda semina ya mbinu za kufundishia. Ilikuwa siku tano, chai na maandazi mawili. Mwezeshaji wetu alitufundisha kwamba watoto hawajifunzi kwa njia moja. Wapo wanaoshika kwa kuona, wapo wanaoshika kwa kusikia, wapo ambao mpaka mikono yao ifanye kitu. Jambo lenyewe lilikuwa na ukweli. Mimi nilikuwa nimefundisha miaka tisa kwa ubao, chaki na fimbo, na nilijisikia kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Nilirudi nimevimba kichwa. Nilikata vitenge vyangu vya zamani vipande, nikawafunga watoto mikononi: vyekundu kwa wa kuona, bluu kwa wa kusikia, njano kwa wa kutenda. Niliwagawa kwa siku moja. Watoto themanini na kitu, siku moja, na tayari mimi najua kila mmoja anajifunzaje! Walimu wenzangu walikuja kuchungulia dirishani, na mimi nikawa napaza sauti zaidi ili wasikie.

Wankuru nilimpa njano bila kufikiri mara mbili. Mikono yake haikutulia. Alisuka majani, alifinyanga ng'ombe wa udongo wenye pembe zinazotofautiana, akawapanga juu ya dawati nikigeuka kuandika ubaoni. Maneno alikuwa nayo machache. Nyumbani kwao walisema Kikurya tu, na Kiswahili cha darasani alikisikiliza kwanza muda mrefu kabla ya kukigusa.

Sasa hili unalijua, umekulia humuhumu. Mzee wa kwetu ukimuuliza ana ng'ombe wangapi atakuambia wapo wachache tu, hata kama boma limejaa hadi mlangoni. Ng'ombe hawatajwi kwa idadi, na watoto vilevile. Jioni mtu anasimama pale wanapoingia, na mmoja akikosekana anajua ni yupi, kwa rangi yake na pembe zake. Ukitaja idadi, wanasema, umewatoa nje wakaonekana, na balaa litawafuata. Babu yako alikuwa hivyo. Nikiwa mdogo niliwahi kuhesabu ndama wake kwa sauti, nilikuwa najionyesha nimejua namba, akaniziba mdomo kwa kiganja chake. Hakunipiga. Nakumbuka kile kiganja kilivyonuka maziwa. Nakuandikia hili ili usije ukanitetea baadaye kwamba mama hakujua.

Basi ukafika mwezi wa wageni. Mratibu elimu kata na watu wengine wawili kutoka wilayani walikuja kuona mbinu mpya zinavyofanya kazi, na mwalimu mkuu akasema somo la mfano nitoe mimi. Semina ilituambia tutumie mifano ya mazingira ya mtoto. Nikawaza, mazingira ya mtoto wa Tarime ni nini kama si ng'ombe? Nilikusanya kokoto za rangi mbalimbali kutoka mtoni, nikajenga boma dogo la vijiti kwenye meza ya mbele. Nikamwita Wankuru, kwa sababu nilijua mikono yake itawapendeza wageni.

"Hili ni boma la baba yako," nikamwambia. "Tuwekee ng'ombe wake humo."

Ungemwona. Alichagua kokoto moja moja. Nyeusi yenye doa akaiweka karibu na mlango, ya kahawia akaitafutia nafasi yake, nyingine aliiokota akaikataa, akatafuta inayofanana zaidi. Kila aliyoiweka aliitaja jina kwa Kikurya, chinichini, kama anavyowaita kweli. Hakuweka kokoto hata moja ya kubahatisha. Alikuwa na boma zima kichwani, na alikuwa akilitoa mbele yetu. Nimefundisha miaka thelathini na sijaona tena mtoto akifanya kitu kizuri kama kile, na mimi nilikuwa nasimama pembeni nikitazama saa.

"Vizuri. Sasa wahesabu."

Mikono yake ikasimama.

"Hesabu, mama. Moja..."

Alinitazama. Alinitazama vile mtoto anavyomtazama mtu mzima wa kwao, akingoja akumbuke. Mgeni mmoja akakohoa. Mwalimu mkuu akanikonyeza nisonge mbele. Ningeweza kucheka na kusema, haya, tuhesabu vizibo. Ningeweza kumwambia akakae. Badala yake nikaona aibu, Robi. Niliona aibu kwamba wageni wa wilayani wataniona mimi mwalimu wa mbinu mpya na darasa langu limekwama kwenye mambo ya wazee. Nikamshika kidole chake, nikakibonyeza kwenye kokoto ya kwanza, nikasema moja, nikamngoja aseme. Akasema moja. Nikakipeleka kwenye ya pili. Tulikwenda hivyo hadi kumi na tisa, machozi yakimdondokea mezani, mimi nikisema "safi" kila hatua. Wageni wakapiga makofi. Kile cheti cha sebuleni, ulichokuwa ukikifuta vumbi kila Jumamosi, nilikipata kwa somo hilo.

Nimeinuka kidogo kumfukuza kuku aliyeingia jikoni. Sasa nimerudi, na sina tena kisingizio cha kuinuka.

Wiki kama tatu baadaye wezi waliingia kwa baba yake Wankuru wakaswaga ng'ombe wote. Nyayo zilifuatwa mpaka karibu na mpaka, zikapotea. Sisemi kwamba kuhesabu kulileta wezi. Mimi ni mtu wa kanisani, na wezi wa ng'ombe wa huku hawangoji mtoto afike kumi na tisa. Lakini Wankuru alikuwa na miaka minane. Yeye alijua alichofanya, alijua nani alishuhudia, na aliona boma la baba yake tupu. Ulitaka aunganishe vipi?

Tangu siku hiyo hakutaja namba. Mtihani wa hesabu alikuwa ananiletea karatasi safi kabisa, jina lake juu, basi. Na mimi, mtaalamu wa mbinu, nikaanza kumtibu. Nikamvua kitenge cha njano nikamfunga cha bluu, nikamwimbia nyimbo za kuhesabu. Nikamfunga chekundu, nikamchorea picha. Nilipochoka niliandika kwenye ripoti yake kwamba ana uelewa mdogo. Niliandika hivyo nikijua. Hapo ndipo penye dhambi yangu hasa, zaidi ya siku ya wageni. Siku ya wageni naweza kusema nilipandwa na kiherehere. Ripoti niliiandika nimekaa, nimetulia, na kalamu nzuri.

Baba yake alikuja shuleni mara moja. Hakugomba. Alisimama mlangoni mwa ofisi, kofia mkononi, akaniambia, "Mwalimu, huyu mtoto haongei tena hata nyumbani. Mnamfundisha nini huku?" Nikamwambia avumilie, watoto wengine ni wazito. Wankuru alipofika darasa la nne, baba yake akamtoa. Miaka michache baadaye, bado mtoto, aliozwa upande wa Ringwani, na ng'ombe wa mahari wakaingia kwenye lile boma lililokuwa tupu. Siku walipopita barabarani wakiswagwa nilikuwa nasahihisha madaftari kwenye veranda. Niliinama nikaendelea kusahihisha.

Sasa nikuambie kitu ambacho huwezi kukijua mwenyewe. Wewe ulichelewa kuliko Wankuru. Ndiyo, wewe mwenye shahada yako. Ulifika darasa la pili hujui a na e, ukisoma kitabu ulikuwa unabuni hadithi kwa kutazama picha, tena hadithi nzuri kuliko ya kitabu. Mwalimu wako alitaka urudie darasa. Nikakuweka jikoni, nikamwaga unga kwenye sinia, na kila jioni wakati ugali unaiva tuliandika herufi kwa kidole na kuzifuta. Miezi saba, Robi. Hukuwahi kujua kwamba ulikuwa mzito, maana sikukuambia, na wala hukufungwa kitambaa chochote mkononi. Wewe ulikumbuka tu kwamba mama alikuwa anacheza na wewe kwenye unga. Sikuwa na subira zaidi kwako kwa sababu nilijua mbinu. Nilikuwa nayo kwa sababu ulikuwa wangu.

Baadaye, ulipokuwa sekondari, nilijaribu kurekebisha. Niliacha kuwauliza watoto wako wangapi darasani, nikaanza kuwauliza, leo nani hayupo? Walikuwa wanajibu kabla sijafungua rejista, hata wale waliokuwa wamekata tamaa na namba. "Gati hayupo, Nchagwa hayupo, Mwita ametoka kukojoa." Kutoka hapo tukafika kwenye kutoa bila wao kujua tumefika. Kulikuwa na watoto waliojifunza kujumlisha kwa hatua za miguu uwanjani, na mmoja aliyekuwa hasomi mpaka nilipomruhusu asimame. Ilifanya kazi, na kila ilipofanya kazi nilikuwa naumia, kwa kuwa Wankuru alinionyesha njia hiyo juu ya meza yangu mwenyewe nikamkatiza.

Ulipopangiwa Ringwani nilisema ni Mungu, halafu nikasema hapana, Mungu hana ukali huu. Mwezi uliopita nilikuambia naenda Mugumu kuangalia mambo ya kiinua mgongo changu. Nilikudanganya tena. Nilikwenda kumtafuta.

Nilimkuta anaanika mtama. Amekuwa mwanamke mrefu, ana makovu ya kazi mikononi. Alinitambua mara moja, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia marahaba. Alinipa kigoda, akaniletea maziwa kwenye kibuyu. Tukaongea habari za mvua, za tembo walioingia kwenye mashamba ya watu huko upande wa mbugani, na mimi, kwa kutafuta la kusema, nikamuuliza, "Na watoto, Mungu amekupa wangapi?"

Nilijisikia mwenyewe nikisema. Miaka yote ile, na bado.

Hakukasirika. Aliwaita kwa majina, mmoja mmoja, wakatokea nyuma ya nyumba wakasimama mbele yangu wakanisalimia. Mwita. Robi. Ndiyo, yupo Robi, sikumuuliza kwa nini. Bhoke. Na Chacha, ambaye alikuwa mgongoni kwake. Halafu akawaambia waende wakacheze, akakaa chini kwenye ngozi, akaniuliza, akimwita baba yake tata kama zamani, swali ambalo ndilo lililonifanya niandike barua hii.

"Mwalimu, wewe ni wa kwetu. Siku ile ya ng'ombe za tata, ulikuwa unajua?"

Ningeweza kumdanganya, Robi. Alikuwa amenipa nafasi. Nikamwambia, "Nilijua."

Aliokota chembe za mtama zilizomwagika, akazirudisha kwenye mkeka, nyingine, na nyingine. Kisha akasema taratibu, hata hakuninyooshea kidole, "Mimi nilifikiri hukujua. Tata akikusema vibaya nilikuwa nakutetea. Namwambia, hapana tata, Mwalimu amesomea mbali, haya mambo hajui. Mpaka amekufa, mimi bado nakutetea."

Nililia pale kwenye kigoda chake, na yeye hakulia. Nilimwomba msamaha. Akaniambia, "Sina neno na wewe, Mwalimu. Kunywa maziwa." Sijui kama huo ni msamaha. Nimeuzungusha kichwani mwezi mzima na bado sijui, na nadhani sistahili kumuuliza.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapokuhitaji. Mwita na Robi wake wanasoma, baba yao ndiye aliyewapeleka. Bhoke ametimiza umri na Wankuru amekataa kumwandikisha. Nilimuuliza sababu. Akasema, "Huyu ni kama mimi. Anaona kitu chote kwa pamoja, halafu maneno yanakuja nyuma. Mkimshika kidole atavunjika." Nikamwambia kwamba mwalimu mpya wa darasa la kwanza ni binti yangu. Akageuka akanitazama.

"Yule mtoto niliyekuwa nambeba?"

"Huyohuyo."

"Alikuwa ananing'ata bega," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. Kisha akafikiri. "Nitamleta siku moja. Mimi nitakaa nje, dirishani. Siku moja tu, Mwalimu. Nikiona sawa, abaki. Nikiona kama ile ya kwangu, namchukua, na asije mtu nyumbani kuniita."

Hiyo siku moja ndiyo iliyo mikononi mwako, mwanangu, na ndiyo sababu nimeogopa kukuambia. Nimekuwekea mzigo wangu juu ya begi lako lililojaa tayari. Ungekuwa na haki ya kunikasirikia, na ukikasirika usinifiche. Nimekudanganya kuhusu mtu uliyempenda tangu hujui kuongea vizuri.

Sina mbinu ya kukupa kwa siku hiyo. Nimefikiri sana na kila nikipata moja naona ni ileile kokoto na kidole. Utakuwa na darasa lililojaa, watoto watatu watatu kwenye dawati, na pengine siku hiyohiyo mwalimu mkuu ataleta mgeni mlangoni na utatamani kuonekana. Ukitamani hivyo, ujue hicho ndicho kilichonishika mimi. Mgeni ataondoka kwa gari lake. Usimfanye Bhoke awe mfano wa kitu chochote, hata kizuri. Muulize kinachoulizika kwake, na akikupa jibu kwa mikono, lipokee kwa mikono, usilitafsiri haraka kwa ajili ya watu wengine. Akikaa tu akitazama siku nzima, basi ametazama siku nzima. Na kama utakosea, maana utakosea, kosea halafu umwambie siku hiyohiyo. Mimi nimengoja hadi amekuwa mama wa watoto, na ona kilichobaki cha kuomba.

Cheti nimekitoa ukutani. Usipokikuta sebuleni ukija likizo, usiulize mbele ya baba yako.

Kesho nitakusindikiza hadi stendi na nitaongea sana, nitakusumbua kuhusu maandazi ya njiani na dirisha la basi. Utajua ni kwa nini. Barua hii itakuwa ndani ya daftari lako la maandalio ya somo, na nitakunja ukurasa juu yake ili usiikute kabla basi halijaondoka. Nakupenda, Robi, na kuondoka kwako kunaniuma hata mahali ambapo sikujua pana maumivu.

Jina la Bhoke halitakuwemo kwenye rejista. Liandike wewe mwenyewe, chini ya majina yote. Ukiita, ukafika kwake, anaweza asijibu, na mama yake atakuwa dirishani anasikiliza. Usiite mara ya pili. Inua macho umwone, halafu weka alama kwamba yupo.

Mama yako